Sahani ya Baba Yako

Mwanangu Mhina,

Mwalimu wetu wa darasa la watu wazima alisema barua isiyo na salamu ni sawa na mgeni anayeingia bila hodi. Basi nakusalimu, ingawa umelala hapo chumba cha pili na ninasikia unavyokoroma. Utaisoma hii ukiwa ndani ya basi la Dar es Salaam, na mimi nitakuwa huku Mazingara, kwa hiyo salamu zangu ni za mtu wa mbali, japo sasa hivi nikinyoosha mkono nagusa mlango wako.

Bibi yako anakusalimu sana. Kifua chake hakijambo, kinamsumbua alfajiri tu, na amesema huko uendako usikae karibu na dirisha. Dirisha lipi, hakusema. Mjomba wako Kilo anakusalimu. Tangu wampunguze kazi kwenye mkonge amekuwa mtu wa manung'uniko, lakini jana alikushonea mkanda wa begi bila kuombwa, ujue hiyo ndiyo salamu yake. Mdogo wako Rehema anakusalimu, amenuna kwa sababu umemnyima ile fulana nyeusi. Jirani yetu mama Naserian anakusalimu, na yale maziwa ya mgando kwenye kibuyu ni yeye kayaleta, anasema kwao Wamasai kijana haondoki na tumbo kavu. Hata yule mbuzi mwenye sikio moja hajambo. Mimi mwenyewe mwili haujambo. Roho ndiyo haijatulia, tangu siku ile rafiki yako Deo alipokuja anakimbia kutoka Korogwe kusema kuna studio imekubali kukurekodi.

Sitakuandikia habari za kufua nguo na kula kwa wakati. Umeshakuwa mtu mzima. Nataka kuandika yale ambayo mdomo wangu unashindwa, maana mdomo wangu kwako umejua maneno mawili tu: njoo ule, na nyamaza.

Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi.

Unakumbuka kwetu kule Somalia, mto Juba? Sijui unakumbuka kiasi gani, sikuwahi kukuuliza. Ulikuwa unang'oka meno ya mbele. Tulikuwa na mahindi, ufuta na migomba, na maji tulikuwa tunayavuta mtoni kwa mfereji, kila nyumba na zamu yake. Siku ile zamu ilikuwa yetu. Vita vilikuwa vimeshaanza mjini, lakini baba yako akasema mahindi hayajui vita, yanajua kiu. Nilikuwa nimeipua uji. Akachukua jembe, akasema, "Nafungulia maji, narudi kabla uji haujapoa." Wewe ukamfuata, ulikuwa humwachi baba yako hata kwenda chooni.

Ukarudi peke yako. Kiatu kimoja mguuni, kingine hakuna. Nikakuuliza, "Baba yako yuko wapi?" Ukafungua mdomo. Hapo hapo risasi zikalia upande wa migomba, nami nikakuziba mdomo kwa mkono huu ninaoandikia, nikamtupa Rehema mgongoni, nikamshika bibi yako, tukakimbia.

Tulitembea tukijificha vichakani mchana. Wale wenye bunduki walikuwa wanatujua kwa lugha yetu na kwa nywele zetu, mtoto akilia kwa Kizigua ni sote tumekwisha. Kila ulipofungua mdomo nikauziba. "Nyamaza, mwanangu. Nyamaza." Hapo sijutii. Hapo mama yeyote angefanya hivyo.

Ninachojutia ni baadaye. Tulipovuka mpaka, hatari ikabaki nyuma, tukawekwa kambini pamoja na watu wetu wengine, ukaja ukanivuta kanga. Ukasema, "Mama, baba alisema—" Hapakuwa na mwenye bunduki karibu. Palikuwa na wanawake wanachota maji na mtoto mmoja anafukuza kuku. Na mimi nikakuziba mdomo vile vile. Nikasema nyamaza.

Uliacha kusema, Mhina. Si jambo lile tu. Uliacha kusema kabisa.

Wazee wetu kule Juba walikuwa wakituambia kwetu ni Handeni, kwamba njaa ndiyo iliyowatoa mababu, na siku moja tutarudi. Tukarudi kweli, juu ya lori, na magunia. Wenyeji wa huku walivyotusikia tunaongea, vikongwe wao walishika midomo. "Jamani, hawa wanaongea kama marehemu bibi yangu!" Walicheka kwa furaha, wengine wakalia. Mimi nilikuwa natazama nyuma tu, kila lori likija natazama nani anashuka.

Wakati huo ndipo wakaja kina mama wa kwetu, na masufuria yao kichwani, na mzee wa kusoma hitima. Walisema, "Mama Mhina, tumekuja tukae matanga ya Salimu. Mtu hawezi kuachwa hivihivi." Unajua nilifanya nini? Nilichukua mchi. Nilisimama mlangoni na mchi mkononi nikawaambia, "Salimu amechelewa tu. Anayetaka kupika matanga akapike kwake." Mmoja akasema taratibu, "Dada, na watoto nao watalia lini?" Wakabeba masufuria yao wakaondoka mmoja mmoja, na wewe ulikuwa umesimama pale pembeni ya nyumba unatazama.

Kutoka siku hiyo nikawa namwekea baba yako sahani. Umeiona miaka yote. Ugali, mboga, juu yake ungo. Asubuhi kuku ndio wanaoila. Kuna mwaka wa njaa mlilala hamkushiba, na sahani ile ipo, na hukuigusa hata mara moja. Nikawa najisifu moyoni kwamba mwanangu ana adabu. Sikujua kwamba ulikuwa unanihurumia.

Sauti yako ilirudi kwenye kinu. Hili najua unalikumbuka kwa sababu nimewasikia na Deo mkilisimulia, ila mlipofika karibu yangu mkanyamaza. Nilikuwa natwanga mahindi, ukaja na mchi wa pili, tukawa tunapokezana, wa kwangu ukipanda wa kwako unashuka. Tu, tu. Tu, tu. Mara nikasikia katikati ya mapigo kuna neno. Nikadhani ni bibi. Mchi ukishuka neno, mchi ukishuka neno. Ulikuwa unataja vitu: kuku, jiwe, moshi, mama. Niliogopa kuacha kutwanga, nikajua nikiacha na wewe utaacha. Tulitwanga mahindi yale mpaka yakawa unga, unga ukawa vumbi, bibi yako akapiga kelele, "Mnasaga na kinu chenyewe?" Ukacheka. Mikono yangu ilikuwa na malengelenge na nilikuwa nalia, nawe ulidhani ni jasho.

Shuleni walikutania sana. Mkimbizi, Msomali, unaongea kama bibi kizee. Walimu wakaja kuniambia mwanao hapigani, anawajibu kwa vina mpaka wenzake wanazomeana wao kwa wao. Nilicheka. Ila sikuelewa kwamba ni kitu kile kile cha kwenye kinu, kimekua.

Na huku tulikuta mambo yameshakuwa ruksa. Kila kitu kikaja: mitumba, redio za kila namna, kanda za kaseti zinauzwa barabarani pamoja na nyanya. Ukaenda kusoma Korogwe, ukakutana na Deo, ambaye babu yake alikuja zamani kukata mkonge na hakurudi kwao. Nyumba ile Mkristo na Mwislamu wanakula sahani moja, na wana redio kaseti kubwa kama kabati. Ukarudi likizo umevaa suruali ya mtumba, ile kafa-ulaya, inayotosha watu wawili na kofia nyuma mbele. Mjomba Kilo akakuangalia kutoka juu hadi chini.

"Hiyo suruali mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu gani, mjomba?"

"Mnayevaa naye."

Tulicheka sote. Lakini ulipoweka kanda yako na wale watu wakaanza kufoka, kwa ngoma inayogonga kama bunduki, mimi nilitoka nje nikashika ukuta. Kilo akasema huo ni uhuni, unapoteza mtoto. Nikamwamini. Ulipokwenda kisimani nilichukua kanda zako zote, nikazivuta utepe wake, nikaenda kuutandaza shambani kwenye mtama kufukuza ndege, kama wanavyofanya watu. Nilisema angalau zitasaidia kitu.

Ulirudi ukaona. Hukunijibu vibaya, na ningependa ungenijibu. Ulikwenda ukasimama katikati ya mtama, upepo unapita kwenye ule utepe, unavuma vuuu, nawe umeinamisha kichwa unasikiliza kama kuna mtu anakuambia kitu. Ndege wala hawakuogopa. Mimi niliogopa. Kutoka hapo ukaanza tena kuamka unapiga kelele, tairi la basi likipasuka barabarani unajitupa chini mbele za watu, na siku nzima inapita sijasikia neno. Nikajua ni mimi tena. Kwa mara ya pili nimekuziba mdomo, safari hii bila hata kukugusa.

Ndiyo maana baadaye nilikununulia zile betri za redio, upate kusikiliza tena. Hukuuliza kwa nini nami sikusema. Sasa nimesema.

Nije kwenye Korogwe.

Rehema aliniambia una mashindano ukumbini, na kwamba hukutaka nijue. Nilikwenda. Nilikaa nyuma kabisa, nimejifunika kanga mpaka machoni kama mtu anayekwepa wadeni. Vijana wamejaa, wa Kerenge, wa Dindira walioshuka na magari ya chai, kelele tupu. Wakakutaja kwa jina lako lile jingine, Mwana Mto. Ukatoka. Nilikuwa sijawahi kukuona umesimama wima kiasi kile.

Na kitu cha kwanza ulichosema kwenye kipaza sauti ni, "Mikono juu!"

Mwanangu, ukumbi mzima ukanyanyua mikono.

Sijui nikuelezeje. Mara ya mwisho mimi kuona watu wamenyanyua mikono hivyo ilikuwa njiani, siku ya pili ya kukimbia, kupitia majani. Wewe nilikuwa nimekulaza kifudifudi usione. Kwa hiyo pale Korogwe mimi sikufikiri. Nilimshika Rehema shingo nikaingia naye chini ya benchi. Deo akatukuta huko. Akapiga magoti na jasho lake. "Mama, mama, wanashangilia. Wanashangilia tu."

"Mbona wamenyoosha mikono?"

"Ni furaha, mama. Tazama, hakuna anayewafanya kitu."

Nikachungulia. Mikono yote juu, na hakuna aliyeanguka. Ikashuka, ikapanda tena. Wewe uko mbele, mwanangu yule wa kiatu kimoja, unawaambia wanyanyue na wanashusha wakiwa hai. Nilikaa chini ya benchi lile nikitazama jambo hilo mpaka nikamwachia Rehema shingo.

Halafu ukawaambia wazime ngoma. Ukasema ubeti wa mwisho ni wa Kizigua, asiyeelewa asamehe. Ule ubeti nimeushika. Nauandika kwa Kiswahili ingawa unapoteza mwendo wake:

Mama, usimwekee chakula, baba hakuchelewa.
Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye mfereji.
Aliniambia kimbia, kamwambie mama.
Nimekimbia mpaka leo, mama, bado sijakwambia.

Rehema aliniangalia. Nilikuwa nimejiziba mdomo mwenyewe.

Tulirudi nyumbani kwa basi moja, wewe ukajua nilikuwapo, nami nikajua umejua. Jioni nikapika. Mkono wangu kwa mazoea ukapakua sahani ya baba yako, ukaifunika ungo, ukaiweka mahali pake. Ukainuka. Ukafunua ungo. Ukanawa mikono, ukakaa, ukaila. Tonge kwa tonge, mbele yangu, mbele ya bibi, mpaka ukapangusa sahani kwa kidole. Bibi yako alitaka kusema, nikamkanyaga mguu. Ulipomaliza ukasema, "Asante, mama." Mimi nikasema, "Karibu." Basi. Toka siku ile sijapakua tena.

Sasa kesho unakwenda, na hofu yangu si ile ambayo wanawake wenzangu wananiambia, kwamba jiji litakumeza. Wewe ulishaona mambo yanayomeza watu. Hofu yangu ni ndogo, na nimeipata kwa Deo bila yeye kujua. Nilimuuliza, huko studio wanafanyaje? Akasema, "Unaimba, mama, wakiona haijakaa sawa wanakwambia rudia. Unaweza kurudia mpaka sauti ikauke."

Rudia. Mtu ambaye hakujui, amevaa vitu masikioni, nyuma ya kioo, atakwambia rudia pale baba yako anaposema kimbia. Si kwa ubaya, ni kazi yake. Atasema, hapo mwisho hujalia vizuri, rudia. Najua ukiimba mbele ya watu unapata nafuu, nimeona kwa macho yangu. Sijui ukiimbia ukuta. Sijui dawa ikinywewa mara nyingi kwa siku moja inakuwa nini.

Kwa hiyo naomba hili moja. Ukisikia miguu inaanza kutetemeka kama zamani, vua hivyo vitu vya masikioni utoke nje. Usimweleze mtu. Gonga kitu, ukuta, paja lako, tu, tu, mpaka ukae sawa. Deo atakuwa hapo, nimeshamwambia akikuona umetoka akufuate akae karibu na asiongee. Na ubeti wa mwisho ukikataa siku hiyo, uache. Wimbo wenye beti pungufu haumuui mtu.

Na wakikuuliza unatoka wapi? Miaka yote nilikufundisha useme Mazingara, ukome hapo. Niliogopa makaratasi ya ukimbizi, niliogopa watu, niliogopa kwamba hata huku atatokea mmoja kati ya wale na kukutambua. Leo nimekaa na kalamu hii nikijaribu kuandika "sema ukweli" na mkono unakataa, nikijaribu kuandika "nyamaza" unakataa zaidi. Wewe amua. Ila kama redio itapiga wimbo wako na mtu wa kule Juba akasikia, nitakuwa naogopa, ujue tu naogopa, usinione mkaidi nikikwambia punguza sauti.

Jambo la mwisho. Jana nilikwenda kwa wale kina mama, wale niliowazuia mlangoni kwa mchi. Wamezeeka. Yule aliyeniuliza watoto watalia lini amekuwa haoni jicho moja. Nilisimama mlangoni kwake sijui nianze wapi. Akasema, "Umekuja kuazima sufuria, mama Mhina?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kubwa au ndogo?" Nikasema kubwa. Akanishika mkono.

Tutakaa matanga ya baba yako. Mzee wa hitima yupo, Kilo atachinja yule mbuzi wa sikio moja, anasema hata hivyo hasikii. Walitaka iwe wiki hii, kabla hujaondoka wote mkiwapo, nikakataa, na bibi akanikasirikia. Anadhani nakwepa tena. Sikwepi. Mhina, mimi siwezi kukaa chini kumlilia mtu aliyetoka asubuhi akasema anarudi, huku kesho yake mwingine anatoka asubuhi. Nitachanganya vilio. Nataka kwanza nijue umefika, umeimba au hukuimba, u mzima. Nikishajua hilo nitawaita waje na masufuria, nawe utakuja, utakaa pale pembeni ya nyumba uliposimama siku ile, na safari hii utalia kadiri unavyotaka.

Asubuhi nitakupikia uji kabla ya basi. Naomba Mungu uunywe wote. Naomba usiniambie utarudi lini. Unyanyue begi lako uende tu.

Ukishuka kule, kabla hujanawa uso, mtafute kondakta wa basi letu la Handeni umpe neno, hata liwe moja, "nimefika," naye ataliacha dukani hapa njia panda. Mimi nitakuwa nimekaa pale. Ulitumwa neno na baba yako ungali mtoto, ukalibeba miaka yote hii, na limechelewa kwa sababu yangu. Sasa limefika, mwanangu. Nimeambiwa, nimesikia. La kwako lisichelewe.

Mimi mama yako,
Halima